Ng'ombe Niliyemrudisha Ziba

Mwanangu Kabula,

Salamu za kuulizana afya naziruka. Tumeamkiana leo asubuhi ukichota maji, nimekuona mzima, na wewe umeniona. Nakuandikia hapa bandani kwangu Gongoni, baada ya chakula cha mchana, nimekalia kreti la soda kama siku zote, na baiskeli ya mteja imegeuzwa magurudumu juu inanisubiri. Wewe umekwenda na mama yako kuwaaga watu wa kwaya. Kesho alfajiri unapanda basi la kwenda Mbulu, kwenye kambi ya wakimbiaji, na kabla hujapanda kuna jambo lazima ulijue: cheti cha kuzaliwa cha mdogo wako Milembe hakimo tena kwenye begi lako. Nimekitoa mimi. Mahali pake nimeweka cha kwako.

Hutakwenda huko kwa jina la Milembe. Najua maana yake. Kambi ilimwita Milembe mwenye miaka kumi na sita, na atakayeshuka kwenye basi ni Kabula mwenye miaka kumi na tisa. Huenda wakakurudisha. Nimelijua hilo na bado nimekitoa, na sitakirudisha hata ukininunia mpaka Krismasi.

Mambo ya kufua soksi, ya kula kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi, na ya kutomwamini kila anayekuita dada, mama yako ameyasema wiki nzima. Sidhani kama kuna lililobaki. Mimi nataka kuzungumza habari za ile Jumamosi na Jumapili tuliyokwenda wawili kwenye mbio za Ziba, miaka miwili iliyopita, kwa sababu tangu turudi hatujawahi kuizungumza hata mara moja. Tumezungumza muda, viatu, vilima, yote. Siku zile mbili tumezipita pembeni kama watu wanaokwepa dimbwi.

Lakini nianze nyuma kidogo, ujue kichwa changu kilivyokuwa. Nilipokuwa na miaka kumi na sita na mimi nilikuwa mkimbiaji. Nilikimbia mita elfu moja mia tano kwenye mashindano ya shule, na kila mtu alisema mwaka ule ni wangu. Siku ya fainali likaja jitu moja kutoka shule nyingine, kidevu kimenyolewa asubuhi ile ile mpaka kimekwaruzika. Lilitupita sote kana kwamba limetumwa dukani. Nilipompa mkono kumpongeza, nikashika kiganja cha mtu mwenye mashamba yake. Baadaye tukasikia ana watoto wawili. Nikamwendea mwalimu wetu huku nalia, nikamwambia yule ni kijeba, mtu mzima aliyejificha kwa watoto. Akanijibu, "Kila shule ina kijeba wake. Sisi tumezubaa."

Mwanangu, neno hilo lilinikaa. Mtu mwingine angesema uongo ule ni mbaya. Mimi nilisema siku moja sitazubaa. Nikaacha kukimbia, nikajifunza kuziba pancha, nikaoa, mkazaliwa ninyi, na muda wote huo nilikuwa nimebeba kinyongo na mtu ambaye hata jina lake silijui.

Halafu ukaanza kukimbia. Unakumbuka tulivyokuwa tunatoka asubuhi kwenye ile njia ya mchanga ya kwenda Kwihara, wewe mbele, mimi nyuma kwenye baiskeli nikikuhesabia pumzi. Nilikuwa nakuambia habari za babu wa babu yangu aliyebeba pembe ya ndovu begani kutoka hapa hadi pwani kwa miguu, akarudi, ndipo akaozwa mke, kwa sababu wakati ule kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Nilikuambia miguu yako ni ya ukoo huo. Ulipenda sana habari ile, na mimi nilipenda kuisimulia, maana ilinipa sababu ya kukukazia. Ulikuwa unakimbia vizuri. Hukuhitaji kitu kingine chochote kutoka kwangu isipokuwa baiskeli ile nyuma yako na kufunga mdomo wangu.

Tangazo la mbio za Ziba nililiona ukutani kwenye duka la vipuri. Wakubwa kilomita kumi, zawadi baiskeli. Watoto wasiozidi miaka kumi na minne kilomita tano, zawadi mtamba wa ng'ombe. Wewe ulikuwa na kumi na saba. Nilisimama pale nikijiambia wanawake wa Igunga na Nzega wazima wazima watakuacha mbali, utavunjika moyo, utaacha kama nilivyoacha mimi. Nikatazama umbo lako dogo, la upande wa mama yako. Jioni nikafungua sanduku nikatoa cheti cha Milembe, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza kumi na minne.

Mama yako aliniona. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Kabula, Milembe ana jina moja tu. Usimmalizie." Nikamwambia haya ni mambo ya michezo, yeye hayajui. Akaendelea kupepeta mchele wake.

Jumamosi tukaenda kulala kwa shangazi yako, kule Puge. Nilikuketisha nyuma ya nyumba kwenye kinu kilicholazwa, nikaanza kukuhoji kama polisi.

"Jina?"

"Kabula."

"Jina?"

"Milembe."

"Umezaliwa mwezi gani?"

Ukataja mwezi wako, nikakurudisha, ukataja wa Milembe. Tukafanya hivyo mpaka kuku wakaingia bandani. Halafu ukaniuliza, "Baba, nikishinda, atakuwa ameshinda nani?" Nikakujibu, "Tutakuwa tumeshinda sisi." Uliniangalia, ukasema, "Haya, baba." Nilidhani umeridhika. Leo najua ulikuwa unaniheshimu tu, na heshima ile ndiyo niliyoitumia vibaya. Ungekuwa mtoto mkorofi ungekataa, na tusingefika hapa.

Jumapili tulidandia lori la watu wa mnadani mpaka Ziba. Pale mezani mwandikishaji hata hakutazama sana, aliandika Milembe, akakupa namba. Nikajisikia mjanja. Mlipojipanga nikamwona yule binti aliyesimama kando yako, mrefu mwembamba, amevaa raba kubwa za kaka yake alizozikaza miguuni kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mimi fundi, kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba zile tyubu amezifunga vibaya, zitamkata. Sikufikiri kwamba yule ndiye mtoto halisi wa miaka kumi na minne, na kwamba nimekuleta kumnyang'anya.

Mlikwenda hadi kwenye ghala la pamba mkageuka. Mliporudi mkionekana mlikuwa wawili tu, wengine mbali nyuma. Na yule binti alikuwa anakufikia. Kila hatua anakufikia, raba zinapiga pwata pwata, na wewe ukageuka nyuma kumwangalia. Sijui kama ulikuwa umechoka au ulikuwa umeamua kumwachia. Nilipaparika. Nikasahau uongo wangu mwenyewe, nikapiga kelele uwanja mzima, "Kabula, kaza! Kabula!"

Ukakaza. Ukamshinda kwa hatua nne.

Watu wakaanza kuulizana, Kabula ndiye nani? Yule mwandikishaji akanitazama. Nikasema, "Ni jina la nyumbani." Na kwetu nani hana jina la nyumbani? Kila mtu pale alikuwa na la shule na la kwa bibi yake. Wakacheka, wakapiga makofi, wakakukabidhi kamba ya mtamba. Ulisimama umeshika ile kamba, uso chini. Mwenyekiti akasema mtoto ana haya.

Mtamba tukampakia kwenye lori lile lile, tukamwacha kwa shangazi yako Puge, akakua, akazaa. Kila wakati shangazi akituma dumu la mtindi kwa basi, nyumba nzima ilikunywa na wewe ulisema tumbo linasumbua. Mara ya kwanza nilikuamini. Mara ya tatu nikaelewa, na bado nikanyamaza, na nikamimina kikombe changu nikanywa. Hayo nayaandika kwa aibu. Ulikuwa unakataa kwa njia pekee niliyokuachia.

Uongo ule haukuishia Ziba, wewe ndiye unayejua zaidi. Jina likishaandikwa kwenye orodha linatembea lenyewe. Mbio zilizofuata waandaaji wakaleta barua kwa Milembe, ukaenda. Zilizofuata tena, ukaenda. Kisha kocha wa Mbulu akaona muda wa Milembe akasema mtoto mdogo hivi anakimbia hivi, aletwe kambini. Nilifurahi nikaruka ruka hapa bandani, wateja wakanicheka. Nilifurahi kwa sababu ya mtoto ambaye hayupo.

Kilichonifungua macho ni Milembe mwenyewe. Mwezi uliopita alichaguliwa timu ya netiboli ya shule. Mwalimu akapeleka majina, jina lake likarudi: huyu tayari yumo kwenye riadha, na picha si yake, aeleze. Alirudi nyumbani hakulia. Wewe ulikuwa mazoezini. Alisimama mlangoni na sare yake, akaniuliza, "Baba, kwa hiyo mimi nicheze kwa cheti cha nani?" Alikuwa anauliza kweli, anataka nimtajie cheti. Alidhani ndivyo kwetu tunavyofanya, kila mmoja anachukua cha mwenzake. Mama yako alikuwa jikoni na alisikia.

Siku ile niliamua. Mimi ni mtu mzito wa kuamua mambo mema, unanijua, lakini nikishaamua sigeuki.

Jumatatu ya wiki iliyopita, nilipokuambia nakwenda kumwona shangazi yako mgonjwa, shangazi yako hakuwa mgonjwa. Nilikwenda Puge nikamfungua yule ng'ombe na ndama wake, nikawaswaga kwenda Ziba kwa miguu. Siku mbili. Ningeweza kutafuta gari, ila nilitaka nifike nimechoka. Shangazi yako alinigombeza mpaka barabarani. Njiani nililala Nkinga kwa watu nisiowajua, na waliponiuliza nampeleka wapi ng'ombe mzuri hivi nikawaambia nampeleka kwa mwenyewe.

Nyumba ya yule binti haikuwa ngumu kupata, Ziba nzima wanamkumbuka aliyekuwa wa pili. Anaitwa Mbuke. Mama yake alikuwa anaanua mahindi. Tukaamkiana, "Mwangaluka," akanipa kigoda, nikakataa kukaa. Nikamweleza yote nimesimama, jina, umri, cheti. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Umekuja kutuletea ng'ombe au umekuja kutuletea dhambi zako?"

Nikamwambia vyote viwili, mama.

Akamzunguka ng'ombe, akamfungua mdomo akatazama meno, akamshika kiwele. Akasema, "Ng'ombe nampokea, na ndama wake. Hiyo samahani yako iache kwanza. Sijui kama ninayo nafasi ya kuiweka." Kisha akaniambia jambo ambalo nimelala nalo kila siku tangu hapo. Siku ile ya mbio, mume wake alimwambia Mbuke kwamba kama ameshindwa na katoto ka mjini, mbio si zake, akae nyumbani asaidie kazi. Mbuke hakukimbia tena. Zile raba alipewa mdogo wake avalie shambani.

Mbuke mwenyewe akaja na ndoo kichwani. Ana miaka kumi na sita sasa, mrefu zaidi. Akapiga goti, "Shikamoo, baba." Nikaitikia kwa shida. Nilipoanza kumweleza akanikatiza kwa adabu, akasema, "Nilijua kuna kitu. Uliita Kabula, halafu ukajiziba mdomo kwa mkono. Mtu hajizibi mdomo kwa jina la nyumbani."

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nilijiziba mdomo. Sikumbuki kabisa. Kumbe mtoto alikuwa anakimbia kufa na kupona na bado aliniona.

Akaniuliza, "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

Akatua ndoo. Akarudia kimoyomoyo, nikamwona midomo ikihesabu. Kisha akaanza kucheka, Kabula, akacheka mpaka akashika magoti, na mama yake akauliza kulikoni. Akasema, "Mama, nilikuwa na kumi na minne na nilikuwa nyuma yake kwa hatua nne tu. Nne. Nikiwa na raba za kaka." Akaingia ndani mbio, nikamsikia anamwambia mtu huko ndani maneno yale yale kwa Kisukuma, nne, nne. Sijawahi kuona mtu akifurahia kushindwa namna ile. Alikuwa amepewa tena kitu chake.

Nilikaa kwenye kile kigoda nilichokikataa. Na hapo ndipo lilinijia lile la kwako, maana mpaka wakati huo nilikuwa nafikiria tu nilichomnyang'anya yeye. Yeye sasa anajua alikuwa mkimbiaji wa namna gani akiwa na miaka kumi na minne. Wewe hujui ulikuwa mkimbiaji wa namna gani ukiwa na kumi na saba, wala kumi na nane, wala leo. Siku ile kulikuwa na mbio za wakubwa uwanja ule ule. Labda wangekuacha. Labda ungekuwa wa sita, na wa sita ungekuwa wewe. Mimi nilitazama miguu yako nikasema haitoshi mpaka niikopee miaka ya mdogo wako. Nilijiambia ni ujanja, nikajiambia ni upendo, nikajiambia ni kulipiza kwa yule jitu mwenye kidevu cha kukwaruzika. Ilikuwa ni kutokukuamini. Nisamehe kama utaweza, na kama huwezi, fanya kama mama Mbuke, iweke pembeni mpaka upate nafasi.

Sasa mambo ya kesho. Leo asubuhi nimempigia simu kocha wa Mbulu. Nimemwambia yote kama nilivyomwambia mama Mbuke. Akasema, "Mzee, unajua nimepata vijeba wangapi miaka yote hii? Hakuna mzazi aliyewahi kunipigia." Nikamwuliza basi itakuwaje. Akasema, "Nafasi ya vijana siwezi kumpa, hiyo imeondoka. Muda wake wote wa nyuma naufuta. Akitaka, aje na cheti chake, akimbie na wanawake wakubwa wiki mbili. Akiachwa, anarudi nyumbani." Nikasema nitakuambia. Hakusema neno la kutia moyo na mimi sikumwomba.

Kwa hiyo ukitaka kwenda, kuna wiki mbili. Ukitaka kubaki, basi litaondoka bila wewe na hakuna atakayekulaumu humu ndani. Nimekwisha kukuamulia mambo mengi, hili amua. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Ni ya kwenda shuleni kwa Milembe na kwa waandaaji wa mbio zile zote, nimeeleza kwamba cheti nilichukua mimi, majibu nilikufundisha mimi, na wewe ulimtii baba yako. Jumatatu naipeleka mwenyewe. Isome kwanza, kama nimekosea popote nirekebishe.

Sitaificha barua hii kwenye begi uje kuisoma umeshapita Singida. Nitakupa mkononi ukirudi kutoka kwaya, kabla ya chakula cha jioni, ili kama una la kunigombeza nipo, nimekaa, nimeosha mikono. Kasirika. Una haki. Lia kama unataka, mama yako anajua kila kitu na atakuwa upande wako. Milembe naye anajua. Leo asubuhi alinisaidia kukitafuta cheti chako kwenye sanduku, akakipangusa vumbi, akasema, "Dada ana miaka mingi kumbe."

Ndiyo, unayo mingi, na yote ni yako. Wale wanawake wa Mbulu wamekimbia vilima tangu wadogo, wewe umezoea mchanga wa Tabora. Watakuumiza siku za kwanza. Sitakuwa nyuma yako na baiskeli, wala sitakuwa pembeni ya uwanja kupiga kelele jina lolote. Ukiachwa, rudi, nitakuja stendi kukupokea na siku ya pili tutatoka tena alfajiri kama zamani. Ila usirudi kabla ya kuachwa.

Watu wananiuliza hapa bandani, binti yako atawaweza kweli? Miaka hii yote nilikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe. Leo nimewaambia sijui. Ni mara ya kwanza sijui, Kabula, na nina hamu ya kujua kuliko nilivyowahi kuwa na hamu ya ushindi wowote. Nenda ukakimbie nao, halafu unipigie simu uniambie umekuwa wa ngapi.

Mimi baba yako.